Kabla ya Wembe

Mimi sina kimeo. Nikifungua mdomo mbele ya kioo, pale ambapo watu wengine wana kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, mimi nina nafasi tupu. Nilikatwa nikiwa na miezi michache, nje kidogo ya mji wa Garissa, na mzee ambaye leo hakuna anayekumbuka jina lake. Nilikuwa nakohoa usiku na kutapika maziwa. Hooyo, mama yangu, anasema nilipona. Anasema pia, kwa sauti ileile, kwamba mtoto wa jirani aliyekatwa wiki hiyohiyo alizikwa kabla ya Ijumaa.

Sijawahi kumgombeza kwa hilo. Mtoto anakohoa, hospitali iko mbali, mzee mwenye kisu yuko karibu na watu wanamwamini. Ungefanya nini? Nalisema tu ili ujue ni nyumba ya aina gani tuliyokuwamo siku mtoto wa dada yangu aliposhindwa kunyonya.

Alizaliwa hospitalini akiwa na kilo 3.1. Siku ya kumi na mbili, kwenye mizani ya kliniki, alikuwa kilo 2.8. Watoto wachanga hupungua kidogo siku za kwanza, hiyo ni kawaida, lakini wengi huwa wamerudisha uzito wao wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Huyu alikuwa anaenda upande mwingine. Dada alinitumia picha WhatsApp: miguu miembamba, ngozi ya mapaja imelegea kama soksi kubwa. Mimi naishi Eastleigh. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi, Thika, Mwingi, halafu ile barabara iliyonyooka hadi unachoka kuiangalia, na vile vizuizi ambapo mnashuka wote na kuonyesha vitambulisho. Pale unaulizwa swali moja, unajibu, na namna unavyotamka jibu lako inasikilizwa kuliko jibu lenyewe. Ulimi ni kitambulisho cha pili huku kwetu.

Nilipofika nilimkuta dada amekaa kitandani akilia bila sauti. Mtoto alikuwa anashika ziwa, anaachia, anashika, anaachia. Kila akivuta, mlio unatoka mdomoni, tak, tak, tak, na maziwa yanachuruzika pembeni ya mdomo hadi shingoni. Baada ya saa nzima ya hiyo kazi analala kwa uchovu, si kwa shibe. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa bapa, imepasuka, ina damu. Nepi tatu tu zilikuwa zimelowa tangu jana, na kwa umri ule zinatakiwa sita au zaidi kwa siku.

Hooyo alikuwa ameshafanya uchunguzi wake. Alikuwa amemfungua mtoto mdomo wakati analia na kuona kwamba ulimi hauinuki. Ncha yake ilikuwa imevutwa katikati, ikatoa umbo la kopa, manake chini yake kuna ule uzi wa nyama unaoshikilia ulimi na sakafu ya mdomo, na kwa mtoto huyu uzi ulikuwa mfupi na umefika karibu na ncha. Sote tunao huo uzi, gusa wako na ulimi juu. Kwa watoto takriban 8 katika kila 100, ingawa makadirio yanapishana, unabana kupita kiasi. Watu husema ulimi wake umefungwa.

"Hooyo," akaniambia, "huyu anahitaji mtu wa kumfungua."

(Kwa msiojua: Wasomali huitana kwa kurudishiana. Mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama. Nyanya humwita mjukuu ayeeyo, yaani nyanya. Ukikua ndani ya hayo majina huoni ajabu yoyote.)

Alikuwa na nambari ya simu ya mtu tayari. Si yule mzee wa kwangu, huyu ni mwingine, upande wa pili wa daraja, Madogo. Anakata kimeo, anang'oa vile vichipukizi vya meno ambavyo watu hapa huviita ilko dacawo, meno ya mbweha. Vilevile wanavyosema Tanzania meno ya plastiki na Uganda ebiino: mtoto anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, basi lawama inaangukia meno ambayo hata hayajatoka, na kinachong'olewa ni mbegu ya jino lenyewe. Na ndimi pia anafungua. Ni kazi ya dakika mbili, wembe mmoja.

Nikajikuta nafikiria jinsi mdomo wa mtoto wa kwetu unavyoandamwa. Kimeo, meno, sasa ulimi. Kila kitu kikiharibika mwilini, mkono wa mtu mzima unaenda mdomoni. Nadhani ni kwa sababu mdomo ndio mlango unaoonekana. Tumbo hulioni, uchovu huuoni, hofu ya mama huioni. Uzi wa nyama chini ya ulimi unauona, na kitu kinachoonekana kinakatika.

Na kuna la pili. Kwa Kisomali mdomo na lugha ni neno moja: af. Lugha yetu ni Af Soomaali, mdomo wa Kisomali. Kwa hivyo Hooyo hakuwa anawaza maziwa peke yake. Alikuwa anawaza dugsi, mtoto ameshika loox yake, mwalimu anamsahihisha ra na lam mbele ya wenzake. Alimtaja Nabii Musa aliyemwomba Mungu alifungue fundo la ulimi wake ili watu wamwelewe. Nikamwambia, Hooyo, Musa aliomba dua, hakuita mtu wa Madogo. Hakucheka.

Tukakubaliana jambo moja tu: kabla ya wembe, mizani. Asubuhi tukachukua tuktuk sisi wanne.

Nesi aliyetupokea ni mwanamke wa Kitui ambaye amekaa Garissa miaka mingi hadi Kisomali chake kinachekesha na kinaeleweka. Alimvua mtoto nguo zote. Zote. Nilitarajia achukue kurunzi aangalie ulimi, lakini ulimi alikuja kuuangalia mwisho. Kwanza alimpima. Akamlaza chali na kumtazama tu, kama dakika mbili, bila kumgusa. Kisha akamwuliza dada, "Mama, unaona anavyolala? Kichwa kinaenda kulia kila mara. Ukimnyonyesha upande gani anasumbua zaidi?" Dada akasema upande wa kushoto. Kumbe hakuwa amewahi kuunganisha hayo mawili. Shingo ilikuwa imekaza upande mmoja, mabega yamepanda hadi masikioni, ngumi zimekunjwa, taya limebanwa. Mtoto aliyekaa hivyo hawezi kufungua mdomo vizuri hata ulimi wake ungekuwa mrefu kama wa kinyonga.

Halafu akaingiza kidole kisafi mdomoni, akasikiliza jinsi kinavyonyonywa. "Ulimi umefungwa, ni kweli," akasema. "Lakini hicho si kitu cha leo. Cha leo ni njaa."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa kazi ya ulimi. Dada afundishwe kukamua kwa mkono. Baada ya kila mnyonyesho akamue, na mtoto apewe yale maziwa kwa kikombe kidogo, akiwa amekalishwa wima, anaramba mwenyewe, hamwagiwi. Kwa joto la Garissa na stima inayokatika, nesi alisema kamueni na mumpe papo hapo. Chupa aliikataa. Maji ya sukari aliyakataa, samli aliikataa, na alipofika kwenye maziwa ya ngamia alimgeukia Hooyo kwa heshima kabisa: "Mama, hayo ni mazuri, hata mimi nakunywa. Lakini yachemshwe, na yawe ya huyu mzazi. Mtoto asubiri miezi sita." Maziwa mabichi ya ngamia yanaweza kuleta brusela hata kwa mtu mzima, sembuse huyu wa kilo mbili na kitu.

Kisha akasema kitu ambacho kilibadilisha sura ya Hooyo. Aliuliza nani anamkanda mtoto.

Sisi watoto wachanga tunawaogesha maji ya vuguvugu na kuwakanda mafuta ya simsim. Ni desturi ya zamani sana. Mikono inavutwa taratibu na kukunjwa kifuani, magoti yanapelekwa tumboni, mgongo unapitishwa kiganja kutoka shingo hadi makalio. Hooyo amewakanda watoto wa nusu ya mtaa. Ila kwa huyu mjukuu alikuwa ameacha, kwa sababu mtoto alikuwa dhaifu na kila mtu aliogopa kumvunja.

Nesi akamwambia, nionyeshe. Pale pale juu ya meza ya kliniki, Hooyo akakunja mikono ya baati yake na kuanza. Nesi alimsahihisha mambo mawili. Kubonyeza kaakaa kwa kidole, hapana. Kumshika miguu na kumning'iniza kichwa chini "anyooke", hapana kabisa. Mengine aliyaacha, akaongeza ya kwake: vidole viwili vipite kutoka sikioni kushuka tayani, polepole, pande zote mbili. Kidole kigonge mdomo wa juu hadi mtoto aufungue kwa kupenda. Akiwa macho alazwe kifudifudi kifuani kwa mama au babake, mara nyingi kwa siku, muda mfupi mfupi, ili shingo ijifunze kuinua kichwa na ulimi uanguke mbele wenyewe. Ngozi kwa ngozi, bila nguo katikati. Aitwe kutoka upande wa kushoto, taa iwe kushoto, hata mimi nilihamishiwa kitanda kwenda kushoto. Na dada anyonyeshe akiwa ameegemea nyuma, mtoto juu yake, badala ya kujikunja juu ya mtoto hadi mgongo unakufa ganzi.

Haya yote hayaongezi urefu wa uzi chini ya ulimi hata kidogo. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu usiku nikikesha na kikombe niliingia TikTok, na huko niliona dunia nzima nyingine. Kule Marekani kuna watu wanaouza mazoezi ya mwili mzima kwa watoto wa ndimi zilizofungwa, vikao kwa vikao, wakiahidi kwamba mgongo ukinyooshwa ulimi utafunguka. Ushahidi wa ahadi hiyo ni haba. Kinachofanyika ni kitu cha kawaida zaidi: mtoto aliyelegea mwili anafungua mdomo mkubwa, anashika ziwa kwa kina, anachoka pole. Kwa baadhi hiyo inatosha. Kwa wengine haitoshi, lakini angalau hawafi njaa wakati mnaamua.

Na kule pia kuna wembe, tofauti ni kwamba unaitwa leza. Desemba 2023 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu biashara ya kukata ndimi za watoto wachanga, wazazi wakitozwa mamia ya dola, na watoto wengine wakiishia kugoma kunyonya kabisa kwa maumivu. Mwaka uliofuata Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kikasema kwamba wasiofika nusu ya watoto wenye ulimi wa namna hii ndio hupata shida ya kunyonya, na kwamba shida nyingi hutatuliwa bila kukata. Nilimsomea Hooyo haya usiku. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe hata wao." Sijui kama nilimshinda kwa hoja au kwa kumwonyesha kwamba wazungu nao wana mtu wao wa Madogo.

Baada ya wiki moja mtoto alikuwa kilo 2.98. Baada ya nyingine, 3.2. Nepi zilikuwa zinalowa hadi tukaanza kulalamika. Shingo ilianza kugeuka kushoto. Kila jioni, jua likipunguza ukali, Hooyo alitandika mkeka uani, akapasha mafuta viganjani, na mtoto alimkodolea macho kama mtu anayeangalia sinema.

Lakini dada bado alikuwa anavuja damu. Hiki ndicho watu wanakiruka. Mtoto ananenepa, kila mtu anasema mashallah, na mama anauma meno kila baada ya saa mbili. Yeye alikuwa hajalala zaidi ya saa moja na nusu mfululizo kwa karibu mwezi. Nyonyesha, kamua, kikombe, osha kikombe, anza tena. Desturi yetu ya arobaini, afartan, inasema mzazi akae ndani, alishwe, afukiziwe uunsi, wanawake wengine wabebe kazi. Siku hizi mjini afartan imebaki sherehe ya siku ya mwisho tu, ile ya pilau na picha. Siku arobaini zenyewe, mzazi yuko peke yake na simu. Dada ana duka la nguo Soko Mugdi, na wiki ya pili wateja walikuwa wanampigia simu kuuliza bei ya dera.

Ukisema unautunza mwili mzima wa mtoto, mwili wa mama umo ndani ya hesabu. Tukagawana: mimi zamu ya usiku ya kikombe, shemeji nepi na soko, Hooyo supu ya mbuzi na ile mikono yake, ambayo baada ya mtoto ilihamia mgongoni kwa dada. Dada alilala saa nne usiku mmoja na akaamka akiulizia kama mtoto amekufa. Hapana, alikuwa kifuani kwa babake, kifudifudi, anakoroma.

Nesi alipoona vidonda haviponi hata baada ya mtoto kujifunza kushika vizuri, yeye mwenyewe ndiye aliyesema sasa tukate. Mwaka 2017 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302 na kuona hilohilo: kukata kunapunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi, ingawa kwa kunyonya kwa mtoto mwenyewe matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Kwetu maumivu ya mama yalikuwa sababu tosha. Kwani yalipaswa kuwa ya nani?

Daktari aliuliza swali ambalo lilinifanya nishike ukuta. Mtoto alipozaliwa alichomwa sindano ya vitamini K? Tukafungua kijitabu cha kliniki, ndiyo, imeandikwa. Akaeleza kwamba damu ya mtoto mchanga haigandi vizuri bila hiyo vitamini, na mtoto aliyezaliwa nyumbani mara nyingi hajaipata. Nilimwangalia Hooyo. Yeye alinizaa chini ya mti, na hakuna aliyenichoma chochote. Alikuwa anaangalia sakafu, anahesabu kitu, na nadhani najua alikuwa anamfikiria mtoto wa nani.

Mtoto alifungwa shuka, nikashika kichwa. Makasi madogo butu nchani, yametoka kwenye pakiti iliyofungwa. Kiss! Imeisha. Tone la damu, kipande cha shashi, na papo hapo akapewa ziwa. Dada akakunja uso kusubiri maumivu, akasubiri, halafu akafungua jicho moja.

Ule mlio wa tak, tak haukuisha siku hiyo. Mtoto alikuwa amejifunza kunyonya kwa ulimi mfupi tangu tumboni, na sasa ilibidi ajifunze upya na ulimi mpya, kwa hivyo tukarudi kwenye mkeka na mafuta ya simsim kwa wiki nyingine tatu. Vidonda vya dada vilifunga siku ya tano. Kikombe tukakiacha taratibu.

Kuhusu kusema, Hooyo bado ana wasiwasi, na mimi sina. Binamu yetu mmoja ana ulimi uliofungwa hadi leo, ana miaka thelathini na tano, hawezi kuutoa nje ya meno. Hakuchelewa kusema, na wataalamu wengi hawaoni kwamba hali hii inachelewesha mtoto kusema, ingawa herufi kama ra na la zinaweza kumsumbua mtu. Yeye ra yake inatoka imelowa kidogo. Ni dalali katika soko la mifugo la Garissa. Simama karibu naye siku ya soko uone kama kuna mtu asiyemwelewa bei ya ngamia.

Juzi Hooyo alinitumia ujumbe wa sauti. Mwanamke fulani wa Bulla Iftin amemletea kichanga kisichonyonya na anataka nambari ya yule mtu wa Madogo. Nyuma nasikia mtoto analia, kilio kidogo kidogo cha asiye na nguvu. Hooyo anasema amemwuliza mtoto ana kilo ngapi, hakuna aliyejua. Anasema pia kwamba shingo yake imekaza. Sasa wako kwenye tuktuk, wote watatu, wanaenda kwa nesi wa Kitui, na dereva anataka shilingi 200 na yeye ameacha pochi nyumbani, hooyo, tuma haraka.

Nilituma 300.